Mafuta ya Jumamosi

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha Tabora leo mchana, na leo hiyo hiyo nimeanza kazi. Tulikuwa tunaisukuma ndege kuitoa bandani, tone la kwanza likagonga bawa, Kapteni Anton akacheka: "Hafsa, umekuja na mvua zako."

Ndege ni ya viti sita, injini moja. Inapeleka manesi na dawa vijiji vya ng'ambo ya mto Ugalla ambako barabara hukatika masika yakianza, na siku nyingine inabeba wanunuzi wa asali au wageni wenye haraka zao. Mwenye kampuni ni Bwana Masele. Anaishi Mwanza, sisi tunamjua kwa sauti ya simu tu. Hakutaka rubani wa pili. Kwake kiti cha mbele kulia ni cha abiria. Kapteni ndiye aliyembembeleza: "Huyu binti ana leseni, anahitaji saa za kuruka, na ni mtoto wa hapa hapa Gongoni. Niachie mimi." Kwa hiyo kiti hiki nimepewa na Anton. Mama amemwombea dua kabla hajamwona.

11 Novemba

Isenga na kurudi. Anton anatua kama mtu anayemlaza mtoto asiamke.

19 Novemba

Leo nimefundishwa kupima mafuta. Chuoni nilipimishwa, lakini si kama hivi. Matangi yako ndani ya mabawa, moja kushoto, moja kulia. Injini hunywa kutoka tangi moja kwa wakati, na rubani ndiye anayebadili kwa swichi iliyo sakafuni. Geji ya kushoto imekwama kwenye robo tangu zamani, hata tangi likiwa limejaa inaonyesha robo. Kwa hiyo unapanda ngazi, unafungua kifuniko juu ya bawa, unatumbukiza fimbo na kusoma palipolowa.

"Unaweka ya kwenda, ya kurudi, na ya kukosea," Kapteni akaniambia. "Ya kukosea ndiyo muhimu. Siku moja utakosea, au mvua itakukosea wewe."

Nilishuka ngazini najiona nimepata mwalimu.

3 Desemba

Maji yamekula reli upande wa mashariki. Mafuta ya ndege kama yetu hayauzwi kituo cha petroli, huja kwa mapipa kwa treni kutoka Dar, na treni hazifiki. Bwana Masele amepiga simu: "Tubane mpaka njia ifunguke."

4 Desemba

Tumebana.

12 Desemba

Kapteni ameanza hesabu mpya. Mafuta yana uzito, kwa hiyo mafuta yakipungua abiria wanaweza kuongezeka. Leo tumetoka Isenga na watu wanne na madebe ya asali, na tulipotua nikapima kwa fimbo kwa hiari yangu. Ya kurudi ilikuwa imeisha. Tulikuwa tumeingia kwenye ya kukosea, ingawa hakuna aliyekosea.

Nilimwambia. Akasema, "Lakini tumefika, si ndiyo?" Akanipa andazi.

25 Desemba

Krismasi kwa Kapteni. Mkewe Julieth amepika wali na mbuzi, akaniwekea sahani ya kwanza kabla hata ya mumewe. Nesi Advera, yule tunayempeleka Isenga kila wiki, alikuwepo pia, akasimulia jinsi mara ya kwanza alivyopanda ndege akafumba macho Tabora akafumbua Isenga. "Sasa nalala usingizi," akasema. "Nikijua ni Anton, nalala."

Watu wote wakacheka, na mimi nikacheka.

9 Januari

Mvua kila siku. Mapipa yaliyobaki stoo unaweza kuyaona yote bila kugeuza shingo.

Kapteni hapimi tena kwa fimbo. Anaangalia saa, anakumbuka jana tuliruka muda gani, anasema, "Namjua huyu bibi anavyokunywa." Bibi ni ndege. Na kila siku anapatia. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Angekosea kidogo tu, tukatua tumeogopa, angerudi kwenye fimbo. Lakini anapatia, na kila akipatia anapunguza.

17 Januari

Tulikuwa tunarudi kutoka Bukene na mfanyabiashara mmoja wa mpunga. Tumeshauona uwanja, Kapteni akalaza ndege kukata kona ya mwisho, na injini ikakohoa. Mara moja tu. Pangaboi la puani mwa ndege likasita kama mtu aliyeitwa jina lake, kisha likaendelea.

Mafuta yakiwa machache na ndege ikalala upande, hukimbilia pembeni mwa tangi, injini ikanyonya hewa. Najua. Na Anton anajua kwamba najua. Alinyoosha mabawa taratibu, akatua vizuri kama kawaida. Mfanyabiashara alikuwa anapiga simu hata kabla magurudumu hayajasimama.

"Amekohoa tu," Kapteni akasema. "Umri."

18 Januari

Nilimkuta peke yake bandani, nikamwamkia. "Shikamoo Kapteni." "Marahaba." Nikamwambia naogopa. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alikaa juu ya pipa tupu akaniuliza: "Unajua Masele ana vijana wangapi wanaotaka kiti changu? Wanampigia. Wanamwambia wao wataruka na chochote." Akajifuta uso. "Mimi angalau najua ukingo uko wapi. Wao hawaujui."

Nilitaka kumwambia kwamba mtu anayetembea ukingoni kila siku huanza kuuona kama njia. Sikusema. Ni mkubwa wangu.

28 Januari

Leo nimekataa kupanda. Nilipima mwenyewe, nikamwonyesha fimbo, nikasema bila kuongeza mafuta siendi. Kapteni aliitazama fimbo, akanitazama mimi. "Sawa, binti yangu. Pumzika." Kwenye kiti changu akapanda mzee mmoja mnunuzi wa asali aliyekuwa amekosa nafasi, akinishukuru kana kwamba nimempisha kwa heshima.

Nilisimama bandani mpaka jioni. Mawingu yalikuwa yamejaa upande wa Sikonge, meusi kwa chini. Nilijikuta naomba dua mbili zinazopingana: warudi salama, na wapate hofu kidogo.

Walirudi salama. Kapteni alishuka anapiga mluzi.

29 Januari

Masele amenipigia mwenyewe. "Jana kiti chako kilileta faida. Nimekiona kiti hicho kwa jicho jingine." Kisha akakata.

Kapteni amesema atanitetea. Ametetea. Bado nina kiti.

6 Februari

Isenga. Tumefika.

11 Februari

Tumefika.

13 Februari

Tumefika. Ninaandika neno hili kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyotaka afunguliwe.

19 Februari

Limebaki pipa moja stoo, halijafunguliwa. Masele amelipigia simu kama mtu anayemjulia hali mgonjwa: lisiguswe. Jumamosi ana wageni wa machimbo, watu wakubwa, wanataka kuzungushwa siku nzima. Kesho tuna safari ya Isenga, kumrudisha Advera mjini.

23 Februari

Mfupa wa bega la kushoto umevunjika. Mkono wa kulia ni mzima, kwa hiyo naandika. Mama hataki niandike. Namwambia nikilala bila kuandika naisikia tena ile injini.

Alhamisi asubuhi nilipanda ngazi nikapima. Palipolowa kwenye fimbo palikuwa pafupi kuliko kidole changu cha shahada, na tangi la pili vivyo hivyo. Nikashuka nikamwambia Kapteni, "Tufungue pipa."

"Pipa ni la Jumamosi."

"Kapteni, tufungue."

"Tunakwenda watupu, tunarudi na Advera peke yake na kikapu chake. Tutakuwa wepesi kama unyoya. Panda, au usipande."

Nilikumbuka mluzi wake wa Januari. Nikapanda.

Isenga, Advera hakuwa peke yake. Chini ya mwavuli alikuwa na mwanamke mjamzito amelazwa kwenye mkeka, jina lake Jenifa, na mumewe Samweli amepiga magoti ameshika miguu yake isiingie matopeni. Damu ilikuwa inatoka tangu alfajiri. Advera alisema maneno machache tu: "Apasuliwe leo. Si kesho."

Hakuna mtu angewaacha pale. Nisingewaacha mimi. Tuling'oa viti vya nyuma, tukamlaza Jenifa sakafuni, Advera akajifunga kiti cha pembeni yake, Samweli akakaa chini akampakata kichwa mkewe. Kwake hakukuwa na mkanda. Kiwanja kilikuwa tope tupu. Mara ya kwanza tulikimbia hatukunyanyuka, tukarudi mwanzo, injini inanguruma kwa nguvu zote na kunywa kwa nguvu zote. Mara ya pili tuliinuka miti ikiwa karibu.

Njia ya moja kwa moja kurudi Tabora ilikuwa imezibwa. Mvua ilisimama mbele yetu kama ukuta kutoka ardhini mpaka juu, umeme ukitembea ndani yake. Kapteni akasema tuzunguke kaskazini, tuikute reli Urambo, tuifuate mpaka nyumbani. Ilikuwa akili. Lakini ilikuwa safari ndefu, na ile ndefu hatukuwa nayo kwenye matangi.

Urambo ikatokea chini yetu, mabati yake yaking'aa chini ya manyunyu. Nikasema kwenye hedifoni, ambamo tunasikilizana sisi wawili tu: "Tushuke hapa. Uwanja ule pale. Urambo kuna hospitali."

Alikaza macho kwenye reli.

"Kapteni, geji ya kulia iko chini kabisa. Tushuke."

"Tukishuka hapa hatupandi tena," akasema. "Hapa hakuna mafuta. Ndege italala hapa mpaka lini? Jumamosi watu wa Masele watapanda nini?"

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Sijaongeza wala sijapunguza.

"Kapteni, yule mama..."

"Dakika chache tu Hafsa. Namjua huyu bibi."

Mkono wangu ulikuwa karibu na usukani wangu. Ningeweza kuushika. Sijui ningeweza kufanya nini na mtu mwenye nguvu kuliko mimi, angani, tukigombania ndege. Sikuushika. Urambo ikapita chini ya bawa, ikabaki nyuma.

Tulifuata reli. Pembeni yake unaiona bado, ukiwa juu, ile safu ya miembe mikubwa waliyopanda watu wa misafara ya zamani njia ya Ujiji. Nilikuwa naihesabu ili nisitazame geji. Tulikuwa tumekwisha kupita Usoke injini ilipokohoa. Safari hii haikuomba radhi. Ikakohoa tena, Kapteni akabadili swichi kwenda kushoto, ikapata uhai, ikanguruma, tukavuta pumzi, ikafa. Akabadili kulia. Kushoto. Kulia. Pangaboi lilikuwa linazungushwa na upepo tu.

Kimya. Hakuna mtu anayejua kimya hicho ila aliyekuwemo. Upepo unapiga filimbi mlangoni, mvua inagonga kioo, na nyuma yetu Samweli, kwa kusikia kelele zimekatika, akauliza kwa sauti ya furaha:

"Tumefika?"

Na hapo Anton akawa yule Anton wa Novemba. Sauti yake ilishuka, mikono yake ikatulia. "Fungua mlango wako, uache wazi kidogo, usije ukakwama. Advera, inama, mshike mgonjwa. Baba, lala juu ya mkeo." Mbele kulikuwa na msitu, kulia reli na nguzo, kushoto mbuga imejaa maji na mpunga. Akachagua mbuga. Tuliteleza juu ya miembe, niliona majani yake yamegeuzwa na upepo wetu, kisha akaishikilia ndege hewani, akaishikilia, akaishikilia, mpaka ikachoka yenyewe ikagusa maji. Rubani mwingine angetuua wote. Naliandika hilo pia, kwa sababu ni kweli.

Magurudumu yalizama, ndege ikabinuka.

Nilifumbua macho nikiwa nimening'inia kwenye mkanda, maji ya tope chini ya nywele zangu. Nilisubiri moto. Ndege ikianguka watu hukimbia moto. Haukuja. Hakukuwa na kitu cha kuwaka.

Wakulima walikuja wakikimbia kutoka kwenye majaruba ya mpunga, kina mama kwa wanaume. Waliniburuta mimi, wakamtoa Advera anatoka damu puani lakini hajamwachia Jenifa. Kapteni hakuweza kusogeza miguu. Jenifa alibebwa juu ya kitanda cha kamba mpaka barabarani, lori la mkaa likamchukua.

Samweli alikuwa mbele, katikati ya viti vyetu. Alikuwa amerushwa pale. Shingo yake ilikuwa imegeukia upande ambao shingo haigeuki. Mikono ilikuwa imekunjwa bado, kama imepakata kitu.

24 Februari

Jenifa amepasuliwa salama. Mtoto wa kiume. Hai.

26 Februari

Mji mzima unazungumzia ushujaa wa Kapteni. Majirani wanakuja kumpa Mama pole na hongera kwa pamoja. "Rubani amemwokoa mama na mtoto kwenye dhoruba." Nasikia mpaka kanisani wamemwombea. Mimi nakaa ndani, nasema bega linauma.

28 Februari

Masele amekuja mwenyewe kutoka Mwanza. Ni mtu mfupi, mpole, amevaa kandambili. Alimletea Mama sukari na tende za futari, kwa kuwa mwezi unaandama. Alisema wachunguzi wa ajali watakuja, na anachotaka yeye ni jambo dogo, tena la kweli: niseme dhoruba. Tulizungushwa na dhoruba, mafuta yakatuishia kwa sababu ya dhoruba. "Kuna ndege nyingine inakuja. Kiti cha kushoto, cha kapteni, kitataka mtu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Masele alipotoka, Mama alizichukua zile tende akamkimbilia nazo mpaka kwenye gari, akamrudishia.

4 Machi

Leo nimekwenda wodini kwa Kapteni. Julieth alinipisha kiti. Miguu haitarudi, madaktari wamemwambia. Amekonda, ndevu zimeota nyeupe ambazo sikujua anazo.

"Mvua ilikuwepo," akaniambia. "Si uongo, Hafsa."

"Ilikuwepo."

"Basi sema hiyo."

"Na Urambo?"

Alifumba macho. Julieth alinitazama, kisha akamtazama mumewe. Alikuwa hajui habari ya Urambo, nililiona hilo usoni mwake. "Urambo kuna nini?" akauliza. Akauliza tena, polepole zaidi: "Anton, Urambo kuna nini?"

Niliondoka nikiwaacha hivyo. Nilikuwa nampenda mtu huyu kama baba. Nikiwa koridoni niligundua kwamba bado nampenda, na kwamba hilo halitanisaidia chochote.

6 Machi

Wachunguzi walikuwa wawili, wenye adabu. Nimewaambia yote: pipa, fimbo, simu za Masele, mbio mbili za Isenga, Urambo na maneno yaliyosemwa juu ya Urambo. Nimewaambia na jinsi Kapteni alivyotua. Mmoja aliuliza kama nina uhakika na maneno yale kuhusu Jumamosi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeyasikia. Nikamwambia, "Ndiyo maana nayasema."

8 Machi

Sijaitwa kazini. Sikutegemea.

11 Machi

Nesi Advera amenitumia ujumbe: Jenifa ananiulizia. Nikaenda.

Alikuwa amekaa kitandani, kitenge begani, mtoto amelala mapajani mwake, mweusi tii, ngumi zimefungwa. Nilimpa pole ya mumewe. Akaitikia kwa Kinyamwezi kwanza, kisha kwa Kiswahili. Alisema amezikosa hata siku za matanga, wamemzika Samweli Isenga yeye akiwa hapa.

"Nimekuita unipeleke kwa yule rubani," akasema. "Nataka ambebe huyu. Nimemwita Anton."

Advera alikuwa anatazama dirishani. Tayari nilikuwa nimemweleza yeye, na hakuniambia niseme wala nisiseme.

Nikavuta kigoda. Nikamwambia Jenifa kwamba asubuhi ile stoo kulikuwa na pipa zima la mafuta, halikufunguliwa kwa sababu lilikuwa limewekewa wageni. Nikamwambia nilipima nikaona, na nikapanda. Nikamwambia tulipita juu ya Urambo.

Wagonjwa wengine walikuwa wameacha kuongea.

"Urambo kuna hospitali," akasema.

"Ipo."

"Wanapasua?"

"Wanapasua."

"Na uwanja mliuona?"

"Tuliuona. Nilimwambia tushuke."

Akamrekebisha mtoto kitenge, ingawa kilikuwa kimekaa vizuri. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, kwa matusi, hata kwa kofi. Yeye alikuwa anamtazama mwanawe kama mtu aliyeletewa mgeni akaambiwa jina lisilo lake.

"Nilishamwambia mama yangu," akasema mwishowe. "Kule Isenga wote wanajua ni Anton. Wameshaanza kumwita." Akaninyanyulia macho. "Dada, sasa huyu nimwite nani?"

Nilikaa naye mpaka mtoto akaamka, akamnyonyesha, na hakuniambia niondoke.

5 Aprili

Mvua zinakata. Idd imepita kimya.

Leo mchana ndege mpya ya Masele imepita juu ya Gongoni kuelekea magharibi. Wanasema rubani ni kijana kutoka Dar, mchangamfu sana. Mama alikuwa kwenye cherehani, akatoa mguu kwenye kanyagio. Mwanamke wa jirani akaacha kutwanga. Sote tukainua nyuso na kusikiliza, mlio ukisogea mbali, ukawa mwembamba, mpaka ukapotea.

"Umepotea au umekatika?" Mama akauliza.

Nikasema umepotea. Akasubiri kidogo tena, ndipo akakanyaga.